Swala wa Salum

Leo tumekwenda kuwinda na bastola yenye kibali, na hatukuruhusiwa kumtisha hata ndege.

Jirani yangu hapa mtaani Bluff, Salum, aliwaahidi wakwe zake nyama ya swala atakayempiga mwenyewe. Mimi alinichukua niwahi kumchinja mnyama kabla hajakata roho. (Tangu niondoke kwetu Buyenzi sijanoa kisu kwa furaha hivyo.)

Kwenye shamba la kuwindia, msimamizi alisoma kibali, akaridhika. Akapima mtutu, akaguna. Akatazama risasi.

"Baba, hizi ni za kumfukuzia mwizi. Swala ataondoka na jeraha, akafie kwa watu. Kwa bastola hii huwindi hapa."

"Eish," Salum akaniambia garini, "wakwe nitawaambia nini?"

Njiani tukamkuta mama anauza mbuzi.

Mnaelewa.

Jioni, mezani kwa wakwe, mama mkwe wa Salum alitafuna polepole, kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, wewe ndiye uliyechinja. Huyu ni swala?"

Salum akaacha kutafuna.

"Mama," nikamjibu, "ni halali."

Akamtazama mkwewe kwa muda mrefu, halafu akaomba aongezewe.

Ninyi mngejibuje?