Ushirika ulituletea tangi la maji Otonglo, nami nikauliza kurasa tatu za kwanza ziko wapi

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Ninayoyaeleza hapa niliyashuhudia mwenyewe, na pale ambapo sina hakika nitasema wazi kwamba sina hakika.

Mimi ni karani mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita katika ofisi ya vyama vya ushirika, nikipokea kumbukumbu za mikutano na kuzirudisha zilipokosa sahihi ya mwenyekiti. Siwachukii wanaushirika. Baba yangu alinisomesha kwa pamba aliyouza kupitia ushirika.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Nyuma ya soko letu la Otonglo kuna kiwanja cha umma ambako akina mama huanika omena, wale dagaa wa ziwani. Hakina mfereji wa maji ya bomba. Maji huletwa kwa mikokoteni, na mwenye mkokoteni akichelewa, samaki hukaa bila kuoshwa.

Miezi michache iliyopita, ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambao jina lake sitalitaja, ulitangaza kwamba utawapa akina mama hao tangi. Bango lao lilisema: "Tunarudisha kwa jamii."

Naomba nisimame hapo kidogo. Anayerudisha ni yule aliyechukua. Ushirika huu haukuwa umechukua chochote kwetu, wala hatukuwa na mwanachama hata mmoja ndani yake. Nikajiuliza unarudisha nini. Huenda mkasema huo ni uchokozi wa mzee asiye na kazi. Huenda ni kweli.

Siku ya makabidhiano ilifika. Jukwaa la saruji lilikwisha kujengwa, tangi jeusi likiwa juu yake, na fundi wa mabomba amesimama kando na koki mkononi. Palikuwa na hema, viti na soda.

Kabla koki haijafungwa kwenye tangi, afisa wa ushirika, bwana mmoja nadhifu mwenye maneno laini, alipitisha karatasi. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi.

Wa kwanza kutia sahihi alikuwa Mama Atieno, jirani yangu, mjane anayewalea wajukuu wake kwa omena anayoanika hapo. Asipokuwa na kiwanja kile, hana pengine.

Karatasi ikanifikia. Haikuwa na kichwa cha habari. Pale chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa: Ukurasa wa 4.

Wakuu, nimeona katika utumishi wangu sahihi za watu waliokunywa soda zikigeuka kuwa sahihi za watu walioridhia kutoa ardhi yao. Kinachohitajika ni stepla tu, ya kuzibana na kurasa ambazo hawakuzisoma.

Nikasimama. "Bwana afisa, kurasa tatu za kwanza ziko wapi?"

"Mzee, hiyo ni attendance tu, orodha ya waliokuja."

"Attendance ya wapi huanzia ukurasa wa nne?"

"Ah, printer ilikosea. Sign tu, Mzee, watu wanangoja maji."

Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, akiniita mzee kwa Kijaluo: "Jaduong', si ulistaafu? Wacha na hiyo mdomo istaafu!"

Mwingine akadakia: "Kwake maji iko mpaka ndani ya choo, ndio maana ako na maswali mingi!"

Wakacheka sana. Iliniuma, kwa sababu ni kweli: kwangu maji yapo.

Hata hivyo nilitoa kalamu yangu, nikasema nitaandika kichwa mwenyewe: "Waliohudhuria makabidhiano ya tangi. Sahihi hizi hazihusu kiwanja."

Afisa akaivuta karatasi kutoka mkononi mwangu. "Hapana, Mzee. Hapo juu hatuandiki kitu."

Kicheko kikakatika.

Mama Atieno akainuka polepole. "Bwana, kama ni attendance, hiyo kichwa yake inakuuma nini?"

Mama Atieno akaishika karatasi ile ingali mikononi mwa afisa, akalikata jina lake mistari miwili, akarudi kuketi. Waliomfuata kwenye orodha wakafanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Fundi aliitwa pembeni, kisha akaondoka na koki yake.

Wiki iliyofuata tuliandika barua yetu. Ukurasa mmoja, wenye kichwa. Tulisema tunalipokea tangi kwa shukrani na kwamba kiwanja kinabaki cha umma. Akina mama wote walitia sahihi. Niliipeleka mwenyewe katika ofisi za ushirika. Katibu aliisoma mara mbili, akakataa kuigonga stempu ya kupokelewa.

Kurasa zile tatu sijaziona hadi leo. Sisemi zilihusu ardhi. Nasema niliziomba, sikuonyeshwa.

Mikokoteni ikaendelea. Asubuhi moja Mama Atieno alinikuta langoni akiwa na jerikeni mbili. "Mzee, umetuwekea kiwanja. Sasa tuwekee maji." Nikamfungulia mfereji wangu, na tangu siku hiyo lango huwa wazi asubuhi. Najua hilo halitoshi soko zima.

Wiki jana lori la ushirika lilikuja likalipakia tangi. Hakuna barua wala maelezo. Limebaki jukwaa la saruji, na Mama Atieno ameanika omena juu yake. Anasema hukauka upesi kuliko chini.

Nilichojifunza ni hiki: zawadi inayoondoka kwa sababu mpokeaji ameandika kwamba ni zawadi ilikuwa na jina jingine tangu mwanzo.

Wapo wanaushirika waaminifu humu ndani. Nawaomba wanieleze ni sababu gani halali inayoweza kuifanya orodha ya wahudhuriaji ianzie ukurasa wa nne. Na wenye maoni kwamba niliwanyima akina mama maji, waseme pia. Nitasoma kila jibu.