Sauti ya kunitoa handakini

Jamani, leo nimelazwa usingizi kwa maneno, nikashindwa kuamka!

Hii hofu ya kubanwa kifua imenichosha. Nikaenda Biharamulo mjini kwa binti mmoja mshauri, anatibu wasiwasi kwa hipnosisi, ndiko huko kulazwa usingizi kwa maneno. Dada yangu Veronika akanisindikiza, akabaki nje kunisubiri.

"Mama, funga macho. Shuka ngazi kumi polepole, mpaka mahali salama."

Nikashuka.

Nikajikuta kwenye handaki alilochimba baba nyuma ya nyumba yetu Nyakisasa, wakati wa vita vya Kagera. Nina miaka sita. Giza, udongo shingoni, kiganja cha dada kimeniziba mdomo.

"Nikifika tano, fumbua macho."

Akahesabu. Akarudia. Namsikia vizuri kabisa! Lakini baba alikataza: usitoke mpaka sauti ya nyumbani ikuite jina.

Binti wa watu kijasho kikamtoka, akamwita dada ndani.

Dada akainama, akaniita jina kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, vilevile kama baba.

Nikafumbua macho. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Siku ile baba alikuita wewe tu," akasema. "Mimi nilitoka kwa sababu nilikuwa nimekubeba."

Wanangu mnaosoma hapa, mpigieni mama mkubwa simu leo. Mwiteni jina lake.