Kuku Aliyelala kwa Mama Elia

Harufu ya majivu makavu na joto la kuku anayeatamia bado hunirudisha kwenye ile safari ya lori. Mama alitandaza majivu ndani ya tenga ili utitiri usimsumbue kuku, akaweka nyasi, juu yake mayai, juu ya mayai kuku mwenyewe, kisha akafunika vyote kwa kaniki kuukuu ili kuku adhani ni usiku. Nilipakata tenga hilo njia nzima kutoka kwetu, porini nyuma ya Sindeni, hadi kijiji kipya tulikoambiwa tuhamie. Kuku alikuwa kishingo, hana manyoya shingoni, na alikuwa wangu. Bibi, mama yake mama, alinipa akiwa mgonjwa, akafa kabla ya mvua. Kaburi lake tuliliacha nyuma pamoja na nyumba, kwa hiyo kitu cha pekee kutoka kwake nilichobaki nacho kilikuwa kinapumua mapajani mwangu.

Kijiji kipya kilipimwa kwa kamba na vigingi. Nyumba zilipangwa safu mbili zikitazamana, barabara katikati, zote za miti na udongo, zote za ukubwa mmoja, hata watu wazima walikuwa wakibisha hodi kwenye nyumba zao wenyewe ili wawe na hakika. Kwenye mkutano wa kwanza tuliambiwa kwamba hapa hakuna changu wala chako. Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Nilimwuliza mama kama kishingo naye yumo, akasema la, shamba ndilo la wote, kuku ni wako. Nilimwuliza balozi wetu wa nyumba kumi, akacheka, akasema swali hilo lingoje mkutano mwingine. Baba alisema watoto wasiulize. Nilibaki na majibu matatu, na sikujua lipi ni la kuku wangu.

Mayai yalianguliwa vizuri, chini ya kitanda cha mama. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wetu alifungwa kwa kipande cha kitambaa kwenye tendegu mpaka tukadhani amezoea. Niliwapondea vifaranga chenga za mahindi, nikawawekea maji kwenye kifuu, na mchana nilikaa nje na fimbo nikiwalinda na mwewe. Kisha tukamfungua. Jioni ile ile alikusanya wanawe, akavuka barabara bila kusita, akaingia nyumba ya mbele yetu na kulala uvunguni.

Hiyo ilikuwa nyumba ya Mama Elia, Msambaa, Mkristo, mwanamke mpole ambaye kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa mdondo. Tulimrudisha kuku kwetu, tukamfunga tena, tukamfungua tena. Akavuka tena. Majirani walianza kutucheka kisimani. Mmoja alisema, "Kuku wa Mama Zuhura kaielewa siasa kutuzidi sote." Mama, ambaye walimwita kwa jina langu, hakucheka. Mimi nilikuwa nikilala nikisikiliza upande wa pili wa barabara, nikiwaza kwamba vifaranga wakishakua huko hakuna atakayekumbuka kwamba walikuwa wangu.

Hatimaye balozi aliitwa kuamua, akaja jua likielekea kuzama. Mama Elia alisimama mlangoni, mikono imekunjwa ndani ya kanga.

"Mimi sikumwita, ndugu balozi. Kila jioni namkuta uvunguni na wanawe. Nimfukuze aliwe na kicheche?"

Balozi alisema kwamba kwa desturi yetu anayemlelea mwenzake kuku hupewa kifaranga, basi Mama Elia achague mmoja, na kuku na waliobaki warudi kwa mwenyewe, wafungwe mpaka wakome. Niliona ni haki. Mama alikubali, akaingia kumchukua kuku, nami nikamfuata.

Hakuinama. Alisimama kwenye mlango wa ndani, mkono juu ya mwimo, akitazama nje. Jua la machweo lilikuwa likiingia moja kwa moja mlangoni, limelala sakafuni mpaka uvunguni, na katika mwanga huo kishingo alikuwa amekunjua mbawa, vichwa vidogo vikichungulia. Ndipo nami nikatambua. Nyumba yetu ya zamani mlango wake ulitazama machweo, na jua lilikuwa likifika chini ya kitanda vivi hivi. Hii mpya tuliyopewa ilitazama mawio.

Mama alitoka mikono mitupu.

"Vipi, dada, umemkosa?" balozi akamwuliza.

"Mwache. Mwenda kwao si mtoro."

Nililia mpaka nikakohoa. Kwao ni kwangu, nilisema. Bibi alinipa mimi. Mama alinishika bega tukavuka barabara, na hakueleza, si siku ile wala baadaye. Kuku alizeeka kwa Mama Elia. Familia ile iliporudi milimani kwao, walibeba uzao wake wote kwenye matenga, nami nilisimama barabarani nisijue kama nasindikiza majirani au mali yangu.

Leo nafuga kuku huko Chanika. Vifaranga wangu hufika kwa basi ndani ya boksi lenye matundu, hawajawahi kuona mama. Nawapasha joto kwa jiko la mkaa na kuwachanja mdondo kwa wakati. Vijitabu vya ufugaji nilivyoweza kupata nimevisoma vyote. Vinaeleza joto, chakula, dawa, hewa. Banda langu lina kufuli, na jioni hakuna anayevuka kwenda popote, wala balozi hajawahi kuitwa. Ni ufugaji bora kuliko ule, siwezi kudanganya. Lakini kuku hawa ukiwahamishia banda jingine wanalala hapo hapo ulipowaweka, na mimi, ambaye niliwahi kutaka kuku wa namna hiyo kuliko kitu chochote, huwatazama bila kujua ninachokitafuta kwao. Mama amekwisha kufa. Nilitaka kumwuliza kama jioni ile alimwachia Mama Elia kuku, au alimwachia kuku ile nyumba yetu ya zamani.