Masizi ya Sufuria Zangu

Mzee wangu alipokufa, kijana wangu alinitoa Kabuchai akanileta kwake Kitale. Ati ni kwa muda tu. Ng'ombe za watu zilikuwa zinamaliza mahindi yangu na miguu ya kuzifukuza sina. "Mayi, nikipata nguzo za kuzungusha boma lako, unarudi," aliniambia.

Nguzo anatengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba. Anayeyusha mitungi ya plastiki iliyopasuka pamoja na mabeseni kwenye pipa, mimi nakoroga. Zikiwa moto ni uji mmoja. Zikipoa, mtungi unajitenga na beseni, na ukipiga msumari nguzo inaachana kama maganda ya kitunguu. Mwaka ukaisha hivyo, na mwingine. Bila nguzo, hakuna kurudi.

Mke wake anapika kwa gesi. Mimi kuni, huko nje.

"Mama, hizo sufuria nyeusi zinaniaibisha mbele ya wageni."

Nikazikwangua kwa hasira, masizi yote nikayamwaga ndani ya pipa. Sikuwa na akili kubwa. Nilitaka tu nguzo iwe rangi moja, ile michirizi ya mtungi na beseni isionekane.

Nguzo hiyo tulipiga msumari, tukapiga nyundo. Wapi! Haikuachana.

Mjukuu wangu, binti yao anayesoma kemia chuoni, alikuja likizo akaikata kwa msumeno, akaitazama sana.

"Kukhu, punje za masizi ni ndogo kushinda vumbi. Zinakaa mpakani, kati ya plastiki hii na ile. Matone ya mtungi yakitaka kuungana, yanakuta njia imezibwa."

"Kwa hivyo zimepatana?"

"Hapana. Zimezuiwa tu kuachana."

"Kama mimi na mamako."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nguzo zimepatikana; nilienda kufunga mzigo wa kurudi.

Lakini nguzo za kwanza zilinunuliwa na mtu wa Saboti. Zilizofuata zikaenda Webuye. "Mayi, ngoja kidogo," kijana wangu akasema. "Nani mwingine anajua kiasi cha masizi?" Na mke wake, yule yule wa aibu, siku hizi ananiletea kuni mwenyewe. "Pika tu, Mama. Sufuria usisugue."

Kiasi sijamwambia mtu. Kijana wangu akiuliza, namjibu: seng'enge ya Kabuchai kwanza. Mzigo wangu bado uko nyuma ya mlango. Yeye anangoja nichoke, mimi nangoja nguzo zangu, na pipa kila asubuhi linataka mkorogaji.