Dari ya Pijo ya Afande Abubakar

Zubairi alikuwa fundi wa kushona viti vya magari pale Kisugu, mtu mwenye haya, ambaye maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Jumatano moja ya mwaka 1974, askari polisi mmoja wa Kiganda, Abubakar, aliingiza gari lake la Pijo uani kwake. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeachia, kimelala juu ya kofia ya dereva.

"Fundi, tengeneza hii mbio. Jumamosi gali inakwenda mahali. Na wewe unakwenda na sisi."

Akamwachia bafta nyeupe, akaenda zake.

Siku zile, mtu akichukuliwa na askari kwenda mahali, jamaa zake hawakuuliza ni wapi. Waliuliza kama amerudi.

"Na bafta amekuletea," mkewe, Hajara, alisema kwa sauti ndogo. "Baba Naila, hiyo si sanda?"

"Ni nguo ya dari."

"Panda basi la Jinja kesho."

Aliliwaza hilo basi. Lakini kuliacha gari la watu na dari inayoning'inia, hapana. Alishusha kitambaa cha zamani pamoja na vyuma vyembamba vilivyokishikilia, akavitia alama kwa chaki, maana havikulingana urefu. Akakifumua mshono kwa mshono, akakilaza juu ya bafta na kukata kwa kufuata umbo lake, kisha akashona mifuko ya kupitishia vyuma. Ijumaa baada ya sala alipaka gundi kwenye kingo, akaanza kuvuta kutoka katikati kwenda kando, Hajara akibana kwa vibanio vya nguo. Palipobaki makunyanzi alinyunyiza maji, akaliacha gari juani. Alasiri bafta ilikuwa imekaza, haina hata mkunjo. Akajikuta anatabasamu. Kisha akakumbuka kesho ni Jumamosi.

Asubuhi Abubakar alikuja amevaa kanzu, mkononi sinia lililofunikwa kitambaa. Zubairi akauliza swali lake la kwanza tangu Jumatano.

"Afande, tunakwenda mahali gani?"

"Si nilikwambia? Mahali ya bibi! Natoa mahali kwa wazazi wake, hapo Bugolobi."

Hajara ndiye aliyeangua kicheko. "Mahari! Baba Naila, ni mahari! Mtu anayesema *gali*, wewe ulitaka aseme nini?"

"Mama, unanicheka? Ndiyo maana namtaka fundi. Wakwe ni Waswahili kama nyinyi. Nikisema mimi watacheka mpaka magharibi. Yeye atanisemea."

Zubairi akarudi nyuma hatua moja. Kusema, tena mbele ya wakwe wa mtu! Basi la Jinja likamjia akilini mara ya pili. Lakini Hajara alikwisha kumletea kanzu yake na kofia. Zubairi akapanda mbele, akainua mkono na kuigusa ile bafta. Haikulegea.

Gari likashuka kuelekea Bugolobi, naye njia nzima akijaribu polepole, chini ya dari yake mwenyewe: "Tumekuja kwa heri. Tumekuja kwa heri, na tumeleta mahari."