Mabawa Yaliyokatwa Sawasawa

Hasira yangu na komite ya kanisa letu la Rubondo haijaisha, na sioni kwa nini iishe. Wenzangu huniambia nisamehe, eti walifanya kwa nia njema. Kwamba wana nia njema nilijua siku zote. Kwamba wana msumeno, hilo sikulijua.

Ndege ilikuwa yetu, mimi na mke wangu. Kule Kivu, kabla ya vita kutuleta kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, nilikuwa fundi kwenye uwanja wa ndege ndogo. Hapa nikaunda ya kwangu nyuma ya nyumba, chini ya shitingi, turubai la plastiki la msaada: mbao za paini, mabomba mepesi, injini ya pikipiki kubwa. Mke wangu ni mshonaji, naye ndiye aliyeyavika mabawa kitambaa, akakipaka rangi mpaka kikakazika kama ngozi ya ngoma. Kwa kuwa ni mwepesi kuliko mimi, na ana moyo mgumu kuliko mimi, yeye pia ndiye aliyekaa kwenye usukani.

Mfugaji mmoja alituachia malisho yake tufanyie majaribio. Mwanzoni pana zizi, katikati pana kichuguu chekundu, mwishoni pana mtaro wa maji ya mvua. Kwa mabawa yake kamili ndege iliiacha ardhi kabla ya kichuguu, ikapita juu ya nyasi kimo cha ng'ombe, ikatua taratibu kabla ya mtaro. Huwezi kuiita safari, lakini kila mara mke wangu alishuka akicheka peke yake. Tulikuwa na sharti moja tu: magurudumu yakiwa bado chini pale kichuguuni, azime injini. Malisho yaliyobaki hayatoshi kujaribu bahati.

Sasa, kanisani kwetu siku ya mavuno kila mtu huleta kazi ya mikono yake mbele ya madhabahu iombewe. Watu huleta mahindi, cherehani, mbuzi, hata tofali la kwanza la nyumba. Mwaka huo wakaitaka ndege, iombewe kisha iruke malishoni mbele ya watu, nami nikafurahi. Nikawaeleza kwamba mabawa yanafunguliwa kwa boliti: tutaingiza mwili kwanza, kisha mabawa, tufunge humo ndani. Mwenyekiti wa komite akanitazama kama nimetukana.

"Kitu habakibarikiake bipande bipande, papa," akasema. "Mbuzi, utaleta kichwa kando na maguu kando? Ndege iingie muzima."

Nikamwambia basi tuiombee nje, Mungu yuko nje pia. Akasema wataangalia. Mjinga mimi, nikadhani wataangalia kwa macho.

Wiki ya mavuno mke wangu alikuwa hospitalini Ruharo akimuuguza mama yake macho. Mimi nikaenda Mbarara kuchomelea ekseli ya akiba kwa fundi mmoja, mwanajeshi mstaafu mwenye karakana karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Umeme ukatukatalia, nikalala huko. Asubuhi, Jumapili yenyewe ya mavuno, fundi akasema lazima aione hiyo ndege, tukampitia mke wangu Ruharo, tukarudi watatu.

Tuliikuta ndani ya kanisa, imevishwa maua, maombi yamekwisha. Lazima nieleze kanisa lenyewe lilivyo. Upande wa mbele uko wazi karibu wote, ili wanaokosa nafasi waone wakiwa uani. Pembeni tu, huku na huku, pana vikuta vifupi vya matofali mabichi visivyobeba chochote, kwa sababu paa limekaa juu ya nguzo za mikaratusi. Mabawa yetu yalizidi uwazi ule kidogo. Kwa hiyo walikata mabawa. Kila upande waliondoa karibu urefu wa mkono wa mtu mzima, wakafunika ncha kwa kitambaa, wakapaka rangi. Kazi safi kabisa, na usafi wake ndio ulionikera zaidi.

"Tulikata sawasawa, papa," mwenyekiti akaniambia kwa furaha. "Huku na huku. Tulipima na mita, hakuna fasi yenye kupita ingine."

Mke wangu alipitisha kiganja kwenye ncha ile mpya. Fundi wa Makenke ndiye aliyesema. "Nani alikata hii? Huyo mwenye alikata, yeye ndiyo akae ndani."

Wakacheka. Mmoja akasema kanga iko na mabawa mafupi na inaruka. Nikamwambia kanga habebi injini ya pikipiki. Niliwaeleza mpaka koo likakauka. Uzito ni uleule, bawa la kuubeba limepungua, kwa hiyo ndege lazima ikimbie zaidi kabla ya kuinuka, na kukimbia zaidi kunataka uwanja mrefu zaidi. Hewa iliyobanwa chini ya bawa hutorokea juu kwa kupitia ncha, na bawa likiwa fupi hasara hiyo inauma zaidi, hivyo hata ikiinuka itapanda kwa shida. Injini ikizimika, itashuka upesi. Isitoshe, wamekata sehemu ya vile vibao vya ukingoni vinavyoinamisha ndege kulia na kushoto. Sisemi uongo: kuna ndege zinazofupishwa mabawa makusudi, zikawa nyepesi kugeuka na zikaongeza mwendo. Lakini hizo zina injini ya nguvu na barabara ndefu ya lami. Sisi tulikuwa na malisho ya ng'ombe.

"Lakini tuliiombea," akajibu mwenyekiti. Hapo ndipo nilipotaka kumkaba.

Nikakataa isirushwe. Watu walikuwa wamekwisha kujaa malishoni, wengine wametoka zoni za mbali za kambi, na wakaanza kunong'ona kwamba sina imani, kisha kwamba mke wangu anaogopa. Yeye akanivuta kando.

"Papa, acha babone na macho yabo," akasema. "Kichuguu kiko fasi yake. Nitazima."

Sikutaka. Nalisema waziwazi: nilimwona tayari amelala kwenye mtaro ule. Lakini alikwisha kupanda, nikabaki nimeshika ncha ya bawa kama mtu anayesindikiza basi.

Ndege ilikimbia. Ilikimbia vizuri kuliko siku zote, na watu wakashangilia mwendo wake, maana hawakujua kwamba mwendo ule ulikuwa bado hautoshi. Ilifika kichuguuni magurudumu yote yakiwa chini, wala halijaruka hata moja. Akazima. Lakini ilikuwa na kasi kuliko tulivyozoea, breki zikaburuta tope, gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni. Rafadha, lile pangaboi la injini, ikavunjika. Mke wangu akashuka mwenyewe, damu ikimtoka kwenye paji la uso.

"Ameogopa!" mtu akapaza sauti, na wengi wakacheka. Walicheka! Mwanamke ametoka kuokoa maisha yake kwa kutii sharti, na watu waliomkatia mabawa wanamwita mwoga. Mwenyekiti alikuja kumpa pole, akaongeza kwamba labda moyo wake ulikuwa na mashaka alipopanda. Fundi wa Makenke alinishika mkono, nami namshukuru, kwa sababu ningefanya la aibu.

Jumatatu asubuhi sikumkuta mke wangu nyumbani. Sururu pia haikuwepo. Nikasikia vishindo vinatoka upande wa kanisa, nikaenda mbio.

Alikuwa ameufunga mkanda wa kupimia kiunoni, bandeji kichwani, na kikuta cha kulia kilikuwa kimekwisha kulala chini, matofali yamepangwa vizuri pembeni. Mwenyekiti alisimama uani mikono kichwani.

"Mama! Unabomoa nyumba ya Mungu!"

"Nakata tu kidogo, papa," mke wangu akamjibu bila kugeuka. "Huku na huku. Sawasawa."

Kisha akapima kikuta cha kushoto, akainua sururu.