Mkwaruzo kwenye Shavu la Eliya

Kaanaeli alikuwa mwanamke wa mkono mwepesi. Kwenye studio yake ya picha, karibu na soko la Arusha, mteja aliyeleta matusi aliondoka na kofi. Basi tangu mumewe Eliya aokotwe korongoni, uso umepondwapondwa na mawe, hasira ile ilimjaa kifuani ikakosa wa kumwendea. Ndesanjo, mdogo wake Eliya, aliapa mbele ya mchungaji kwamba walikuwa wanapanda kwenda ubatizoni Oldonyo Sambu, hawana neno baina yao, kaka yake akateleza nyuma yake.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ukoo ukataka kulijengea kaburi. Kaanaeli alitaka sura ya mumewe iwekwe pale, lakini Eliya ndiye aliyekuwa mpiga picha, na mpiga picha ni nani anampiga? Ilikuwepo moja tu. Eliya alikuwa na mazoea ya kuweka kamera juu ya jiwe na kuitegesha ijipige yenyewe, na siku ile ya kufa kwake alijipiga njiani. Kamera ilikutwa chini ya maiti. Filamu ilikuwa imejaa matope na mikwaruzo, uso mdogo kama punje ya mchele, na mkwaruzo mmoja mrefu umekata shavu toka sikioni hadi mdomoni.

Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya mjini yalijaa mashine za kutoka Dubai. Kaanaeli na Ndesanjo wakaenda pamoja kuchagua skana, mashine ya kuingiza filamu kwenye kompyuta, maana tangu msiba studio waliiendesha wote wawili. Muuzaji, binti aliyeitwa Agnela, akawawekea mbili walizozimudu. Moja ilisoma filamu kama ilivyo. Nyingine, ghali kidogo, ilikuwa na mwanga usioonekana kwa macho, wa kutafuta uchafu.

"Kilichokaa juu ya filamu, inakifuta," Agnela alisema. "Kilichomo ndani ya picha, haikigusi."

Ndesanjo akadakia. "Ya nini hiyo, shemeji? Tuchukue ya rahisi. Huo mkwaruzo nitaufuta kwa mkono wangu. Si ndiyo kazi yangu miaka yote?"

"Nataka yenye mwanga, shemeji."

"Acha ubishi wewe!" Akapiga ngumi kaunta, kioo kikapasuka.

Agnela akaruka nyuma. Kaanaeli akamtazama shemeji yake damu ikimchuruzika vidoleni. Hakuwahi kumkaripia hata siku moja, leo anavunja kioo kwa ajili ya mashine! Akalipia ile yenye mwanga.

Studioni, picha ikashuka polepole kwenye kompyuta. Vumbi halipo. Mikwaruzo yote imekwisha, isipokuwa ule mmoja. Kaanaeli akaukuza uso. Haukuwa mkwaruzo. Ilikuwa nyama iliyochanika, imefunguka kama mdomo wa pili, na damu imelowesha kola ya shati. Panga tu ndilo hukata hivyo.

Nyuma yake Ndesanjo alikuwa ameshachukua mkasi, anaikimbilia filamu. Kaanaeli akanyanyua stendi ya kamera akamshushia nayo mkononi. Mfupa ukalia. Akamshushia ya pili, ya goti, akaanguka.

"Hamkuwa na neno, eh?"

"Alinisema kwa ajili ya kihamba, shamba alilotuachia baba! Nilimkata mara moja tu, shemeji, kwa hasira."

"Na korongoni?"

Ndesanjo akajikunyata ukutani. "Alijipiga picha akampelekee mama ushahidi. Alikuwa ananicheka na lile jeraha lake. Nikamsukuma."

Kaanaeli akampiga hadi majirani wakaingia, na wakamkamata yeye kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na chuma mkononi.

Kaburi lilijengewa Ndesanjo akiwa rumande. Wazee wakamwomba Kaanaeli shavu lisafishwe kwenye picha ya kaburini, si heshima kumweka marehemu na jeraha.

"Mwaka mzima mmesema aliteleza," akawajibu. "Sasa mtamtazama hivyohivyo."

Mama mkwe wake akasogea, akaupitisha mkono juu ya shavu lile taratibu, kisha akaanguka chini akilia, akiliita jina la mwanawe aliye hai.